Mlango wa Kahindo

Kabla volkano haijala Birere, mimi na Kahindo tulikuwa na baraza moja ya mbao karibu na Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa Rwanda, mashini yake upande wa balabala, yangu upande wa ukuta. Tulikuwa mafundi wa nguo. Yeye alikuwa Munande, mtoto wa wakulima wa Butembo, aliyeletwa Goma na bwana yake Kakule, shofere wa kamyo iliyokuwa ikipakia maharagwe Kiwanja. Mimi Nasiba ni wa huku huku. Babu yangu alitoka Maniema na biashara ya vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Kahindo alikwenda misa, mimi nilikwenda msikitini, na siku za Ijumaa nilikuwa nikirudi na kukuta ameshanimalizia pindo la gauni nililoliacha nusu.

Nikimkumbuka Kahindo wa miaka ile, nasikia kwanza sauti yake ikishindana na mashini. Hakuweza kushona kimya. Mtu akipita balabalani, Kahindo alimtungia maisha.

"Unaona ule papa wa chukudu?" alikuwa akiniambia, mtu akipita anasukuma baiskeli yake ya mbao yenye mzigo. "Makaa ile anapelekea mama mukwe wake. Sasa mama mukwe hamupendi. Atayaangalia makaa, atasema: Mukwe wangu, hii ni mawe umepaka rangi?"

Na hapo alikuwa ameshageuka mama mkwe mwenyewe, shingo imenyooka, mdomo umebinuka, na sindano bado inakimbia juu ya kitambaa. Wateja waliokuja kupimwa kiuno walikaa mpaka mchana. Wengine walisahau kitambaa cha kikwembe walichokuja nacho.

Mtaa mzima ulijua kipaji chake na mtaa mzima ulikitumia. Baba mdogo wa bibi harusi akikosa la kusema, alitumwa kwa Kahindo. Padri akihamishwa, kwaheri yake ilitungwa na Kahindo. Kila Noeli kikundi cha wamama wa parokia kilicheza mchezo wa wachungaji wa Betlehemu, na kila mwaka wachungaji wale walizidi kufanana na watu wa soko letu, hata kulikuwa na mmoja aliyejaribu kumuuzia malaika avoka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina la aliyetunga halikutajwa, naye hakungoja litajwe.

"Si kazi," alisema nilipomuuliza. "Ni maneno tu, Nasiba. Mutu anatoa maneno sawa vile anatoa salamu."

Ya watu aliyaandika vizuri, kwenye karatasi safi, akawapa. Yake mwenyewe hakuyaandika popote, au niseme aliyaandika mahali pa kupotea. Sisi mafundi tulikuwa tukikata patro, vile vipande vya kufuatisha umbo la nguo, kwenye karatasi ya mifuko ya simenti, kwa sababu ni ngumu na haipasuki haraka. Wazo likimjia, Kahindo alichukua chaki ya kuchoria kitambaa na kuandika sentensi moja juu ya patro, kwenye mkono wa gauni au kwenye kola. Halafu kitambaa kiliwekwa juu yake, kikavutwa, kikakunjwa, na ikifika jioni chaki ilikuwa imefutika. Niliwahi kusoma kwenye bega la gauni la komunyo: "Mutoto alizaliwa ndani ya kamyo, akafikiri dunia nzima inatingishika." Nilicheka. Nikamwambia aiendeleze.

"Kesho," alisema. "Leo niko na gauni."

Basi ikaja Julai ile ya tisini na nne. Aliyekuwa Goma wakati ule hahitaji nimwambie, na asiyekuwepo sijui kama nitaweza kumwambia. Watu waliokimbia Rwanda walipita mpakani tangu asubuhi mpaka asubuhi, na balabala mbele ya baraza yetu haikuonekana tena, ilionekana miguu tu. Mashini tulizisukuma ndani kabisa, tukasimama mlangoni na bidoni ya maji na kikombe kimoja. Hatukujua jingine la kufanya.

Mchana wa siku ya pili alipita mwanamke aliyebeba mlango kichwani. Mlango mzima, wa mbao, na kitasa chake. Nyuma yake walitembea watoto wameshikana nguo. Alipofika mbele yetu aliushusha juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano yaliyojaa kila mahali katika mji huu, na watoto wakalala juu ya mlango palepale, kama wamefika kitandani. Kahindo alimpelekea maji.

"Mama," alimuuliza, "huu mulango ni wa nini?"

Yule mwanamke alijua Kiswahili kidogo. Alikunywa kwanza, akapangusa mdomo.

"Nyumba sikuweza kuibeba," alisema.

Alipumzika kidogo, akawaamsha watoto, tukamsaidia kuurudisha mlango kichwani. Shingo yake ilitetemeka, halafu ikatulia. Akaingia katika watu na hatukumwona tena.

Siku zile hakuna aliyetunga kitu. Kulikuwa na kipindupindu, kulikuwa na kuzika. Lakini wiki nyingi baadaye, watu walipokwisha kupelekwa kambini Mugunga na Kibumba, na sisi tumerudi kushona, Kahindo alisimamisha mashini yake ghafula.

"Nasiba, ule mama. Unafikiri alifanya nini na mulango yake kule kambini?"

"Alipikia. Kuni hakuna."

"Hapana. Sikiliza. Aliusimamisha. Nyumba ni plastiki, lakini mbele kuko mulango. Kule kambini kila mutu anaingia kwa mwenzake vile anataka, askari anaingia, mwizi anaingia, hata mbuzi. Lakini ukifika kwa ule mama unakuta mulango. Utafanya nini? Utapiga hodi. Na yeye atajibu karibu. Kambi yote, ni pale tu batu wanakumbuka kupiga hodi."

Aliniambia yote kwa mkupuo mmoja: nani angekuja kupiga hodi, nani angekataa, nani angeuomba mlango ule autengeneze sanduku la kumzikia mtoto wake. Nilipojitazama nilikuwa nimetoboa kidole kwa sindano na sikuhisi.

"Andika hiyo," nilimwambia. "Leo. Acha hilo gauni."

"Ni mambo ya bule, mukwetu. Nani atasoma hadisi ya fundi wa nguo? Kesho."

Kesho zile zilifuatana. Vita ya tisini na sita ikaja, tukakimbilia Minova kwa mtumbwi kutoka Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, watoto wetu wamelala juu ya magunia, tukarudi na kukuta nchi imebadilishwa jina. Tukafungua baraza. Watu walihitaji nguo kama kawaida.

Hapo ndipo alipofika Rémy. Alikuwa mwalimu aliyeacha darasa na kuanzisha kikundi cha teatre, mtu mwema, mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia. Alikuja kushonesha nguo za waigizaji wake. Kahindo akiwa anampima mabega alimsimulia habari za mwanamke na mlango, kama alivyosimulia kila kitu kwa kila mtu. Rémy alisahau kuteremsha mikono.

"Mama Thérèse, hii umeandika?" Thérèse ni binti yake wa kwanza, na watu wengi walimwita hivyo.

"Mimi? Hapana, papa. Ni mambo ya bule. Ukiipenda, chukua."

Rémy akachukua.

Miezi kadhaa baadaye alituletea mwaliko. Kikundi chake kingecheza uwanjani, mbele ya watu wengi, mchezo kuhusu usafi, kwa sababu kulikuwa na shirika lililotaka watu wafundishwe kutumia vyoo. Tulivaa vizuri. Kahindo alijitia marashi. Mchezo ulianza, na kweli akatokea mwanamke amebeba mlango kichwani, na nilihisi Kahindo ameshika mkono wangu. Mwanamke alizunguka, akalalamika, akaanguka mara nyingi kwa kuchekesha. Watu wakamuuliza mlango wa nini, naye hajui. Mwisho akaja muuguzi mwenye koti jeupe akamwonyesha: mlango ulifungwa kwenye choo. Wote wakaimba tunawe mikono, tunawe mikono. Uwanja mzima ulipiga makofi.

Rémy alitujia huku jasho linamtoka, uso unang'aa.

"Mama Thérèse! Umeona mulango yako?"

"Nimeuona, papa," Kahindo alisema. "Asante."

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira ya kutosha sisi wawili, nikaanza kumtukana Rémy kutoka kichwani mpaka viatuni. Kahindo aliniacha nimalize.

"Usimuseme vibaya," alisema. "Nilimupa mimi mwenyewe. Nilimwambia ni kitu ya bule, na yeye akakitumia sawa kitu ya bule. Angejua namna gani kama ni ya maana? Mimi mwenye nacho sikumwambia."

Tukatembea tena. Karibu na njia ya kwao Keshero akasimama.

"Ule mama alibeba mulango kutoka kwao mpaka kwetu, Nasiba. Mimi nimeshindwa kuubeba kutoka mashini mpaka kwenye karatasi."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta barazani kabla yangu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, patro ya simenti juu ya mapaja, na mkononi kalamu ya risasi badala ya chaki. Akanieleza mpango wake. Kutoka kengele ya misa ya asubuhi mpaka soko lifunguke, hapo hashoni, hapimi, hasemi. Anaandika mchezo wa mlango.

Kakule alikuja siku chache baadaye kutoka Kiwanja na kuteremsha kabichi mbele ya baraza. Mama yake alikuwa amelalamika nyumbani kwamba mke wake anatoka mapema kwenda kukaa tu. Nilifikiri atamgombeza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka juu ya mzigo.

"Ni kweli unaandika?" alimuuliza.

"Ni kweli, Papa Thérèse."

"Mimi nikiwasha motere, nimepakia, naingia balabala ya Rutshuru, kuko mutu ananikimbilia kuniuliza sukari iko wapi?"

"Hapana."

"Basi na wewe umewasha motere," alisema. "Nitamwambia mama."

Safari iliyofuata alimletea meza. Aliipigilia mwenyewe kutoka kwa mbao za kreti, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Tuliiwekea koro chini, jiwe bapa, na ikasimama.

Wateja hawakuwa wepesi kama Kakule. Nakumbuka Mama Ernestine, mwenye duka la vyombo, mwanamke aliyezoea kufunguliwa kila mahali. Alikuja asubuhi moja na kikwembe cha harusi ya mdogo wake.

"Kahindo, nipime haraka, niko na safari."

Kahindo aliinua uso pole pole. "Mama Ernestine, saa hii siko. Uje soko likifunguliwa."

"Hauko namna gani? Si ninakuona?"

"Unaniona, mama. Lakini siko."

Mama Ernestine alinitazama mimi kama mtu anayeomba shahidi. Niliinama juu ya mashini yangu. Akakunja kikwembe chake, akaenda kwa fundi mwingine, na pamoja naye wakaenda dada zake na wifi zake. Tulikula maharagwe bila mafuta kwa muda mrefu kwa sababu ya asubuhi ile. Nilimuuliza Kahindo kama haoni uchungu.

"Ninaona," alisema. "Lakini hapo nilikuwa ninaandika vile ule mama anatafuta mahali pa kusimamisha mulango, na nilikuwa karibu kupaona."

Msifikiri iliandikika kwa urahisi. Mtu huyu aliyeweza kumsimulia mpita njia maisha yake yote, mbele ya karatasi aligeuka bubu. Aliandika mstari, akautazama, akatazama balabala. "Mudomo wangu unajua," alinung'unika, "mukono haujui." Alianza upya mara nyingi. Vita ya pili ilikuja, asubuhi nyingine risasi zilituzuia hata kutoka nyumbani, na njia ikifunguka alirudi kwenye meza yake ya mguu mfupi. Patro zilizoandikwa alizitundika kwenye msumari ukutani, pamoja na zile za suruali na magauni, na tulijua zipi ni zipi kwa sababu zake hazikuwa na umbo la mwili wa mtu.

Ndipo volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Ilikuwa Januari ya elfu mbili na mbili. Tulisikia kwanza kelele, halafu tukaona moshi, halafu watu wakaanza kukimbia kutoka upande wa juu wakisema moto unatembea, na kweli ulikuwa unatembea. Kakule alikuwa Kiwanja. Mimi na Kahindo tulikimbilia barazani kwa ajili ya mashini, kwa sababu mashini ndiyo chakula. Tulifungua vichwa vya mashini kutoka kwenye meza zake, vile vyuma vizito, tukatwikana kichwani, tukaingia katika watu kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Njia ni ile ile, safari hii sisi ndio tuliovuka kwenda kwao. Nyuma yetu baraza, meza na msumari vilimezwa.

Tulikaa pembeni ya njia huko Gisenyi, na watu wakatuletea maji katika kikombe. Nilikumbuka patro zote zile. Nikamtazama Kahindo, nikingoja alie. Alikuwa amejishika shingo kwa mikono miwili, anaipapasa.

"Ni shingo," alisema.

"Inakuuma?"

"Inaniuma sana. Nasiba, niliandika miguu ya ule mama, niliandika watoto, niliandika jua. Shingo sikuiandika. Sikujua. Hata hujisikii mutu, unajisikia nguzo." Akageuka kutazama huku na huku. "Nitapata wapi karatasi?"

Tuliporudi, ukoko wa lava ulikuwa bado una joto chini ya viatu. Tulijenga baraza nyingine ya mbao juu ya lava ileile, na Kahindo akaanza mchezo wake tena tangu mwanzo. Kuna maneno yaliyorudi yenyewe na kuna yaliyokataa. Kulikuwa na wimbo wa binti wa yule mwanamke, aliokuwa akiimba huku ameegemea mlango, wimbo mzuri hata mimi nilikuwa nauimba nikishona. Hakuupata tena. Alijaribu mwingine, haukuwa ule. Mwishowe akaacha binti awe kimya mahali pale.

Mwaka wa vita ya elfu mbili na nane Kakule alikwenda Kiwanja kupakia maharagwe, hakurudi. Kamyo ilirudi ikiendeshwa na mtu mwingine. Siwezi kuongeza hapo, hata yeye hakuongeza. Alivaa nguo za kufiwa, akamaliza siku za kilio, akarudi barazani, akashona. Hakusimulia tena habari za wapita njia. Kwa mara ya kwanza nilisikia mashini ya Kahindo ikiwa peke yake, na niliichukia sauti ile.

Lakini kengele ya asubuhi ikilia alikuwa pale. Alikaa mbele ya meza mpya na karatasi tupu, hagusi kalamu, macho upande wa balabala inayotoka Rutshuru. Soko likifunguliwa aliinuka na kuchukua mkasi. Nami nikajipa kazi. Nilileta mashini yangu mbele, upande wa balabala, na mteja akija saa ile nilimwambia kabla hajakanyaga kizingiti: "Kahindo hayuko." Wengine walimwona kabisa nyuma ya bega langu. Niliwaambia hivyo hivyo. Mama Ernestine mwenyewe alikuja, amezeeka, amekuja kumpa pole. Nilifikiri tutagombana. Alimtazama kwa muda, akaweka mkungu mdogo wa ndizi chini ya meza, akasema, "Mwambie nilipita, akiwa amerudi," akaenda.

Mvua kubwa zilipita, na kiangazi. Asubuhi moja nikiwa naweka uzi kwenye sindano nilisikia kalamu nyuma yangu. Niliogopa kugeuka. Iliendelea, ikasimama, ikaendelea. Soko lilifunguliwa na hatukuona.

"Nimemuwekea bwana," aliniambia baadaye. Mpaka hapo yule mwanamke wa mlango hakuwa na mume katika mchezo. "Yuko njiani. Haonekani. Ni yeye alipigilia ule mulango, sasa kila mutu akipiga hodi, mama anasimama haraka."

Mchezo ulipokwisha, Kahindo alimtafuta Rémy mwenyewe, nami nikamsindikiza. Alimkuta na mvi, bado na mikono isiyotulia. Akamwekea karatasi mbele.

"Papa Rémy, wakati ule nilikupa bila kuiheshimu. Sasa ninakuletea. Utaicheza vile imeandikwa, neno kwa neno, na mbele ya kuanza utasema ni nani aliandika."

Rémy alisoma pale pale, amesimama. Alipomaliza alivua miwani.

"Na choo?" aliuliza.

Walicheka mpaka machozi, wote wawili, na sijui kama yalikuwa ya kicheko yote.

Walicheza kwenye sali, ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa ya pili. Mimi nilikaa mstari wa mbele na hijabu yangu mpya, kati ya wamama wa kikundi. Mbele kulikuwa na mlango wa kweli, umesimama katikati, hakuna ukuta kushoto wala kulia. Rémy alitoka akasema, "Mchezo huu umetungwa na Mama Kahindo, fundi wa nguo wa Birere," na Kahindo, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo, akainama kama mtu aliyeangusha sindano.

Sali ile ilijaa watu waliowahi kukimbia, huyu Sake, huyu Masisi, huyu Rutshuru, huyu amekimbia mara nyingi hata hahesabu. Akafika mwigizaji wa kwanza mbele ya mlango ule. Angeweza kuuzunguka, pembeni palikuwa wazi. Alisimama, akajirekebisha shati, akasema, "Hodi."

Mwigizaji wa kike alipaswa kungoja kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu anafikiri ni bwana yake. Alingoja. Na katika kungoja kule, bibi mmoja nyuma kabisa akajibu, kwa sauti ya nyumbani kwake, "Karibu." Halafu mwingine. Halafu sali nzima, wanaume kwa wanawake: "Karibu!" Mwigizaji aligeuka kututazama, amesahau maneno. Nilimtafuta Kahindo. Alikuwa ametoka nyuma ya nguzo, amesimama wazi, mikono mdomoni.

Mchezo ulizunguka, Keshero, Sake, ukapanda mpaka Beni na Butembo kwao. Haukumtajirisha. Alitunga mingine. Mmoja wa askofu aliyepotea sokoni haukumchekesha mtu yeyote, tukamwambia, akanuna wiki nzima, akauweka pembeni. Mwingine wa watoto wa Kituku ulipigwa redioni. Vita zilikuja tena, zikaondoka, zikaja. Na safari hii ya mwisho, risasi zilipofika hadi katikati ya mji, Thérèse alimwita mama yake Butembo, akae naye. Kahindo alikataa, akakubali, akakataa, akaenda.

Mimi nimebaki. Ninashona kidogo, macho yamechoka. Tunaongea kwa simu mtandao ukiwepo. Ananiambia baridi ya Butembo imemshika magoti, na kwamba ameanza kitu kipya juu ya wake wa mashofere. Juzi aliniuliza swali.

"Nasiba, Kituku asubuhi inanuka namna gani? Nimeanza kusahau. Ninaandika, inatoka harufu ya soko tu, soko lolote."

"Inanuka samaki."

"Samaki inanukaka kila mahali! Uende kuangalia."

Basi jana nikaenda, mimi na magoti yangu. Nilikaa juu ya jiwe, nikampigia.

"Niko hapa," nilisema. "Sasa andika. Samaki ndogo za sambaza ziko juu ya turubai la bluu, bado na maji. Kuko mafuta ya motere ya mtumbwi, lakini kidogo, mbele ya samaki. Kuko moshi wa mama anachoma mahindi. Na ziwa lenyewe, linanuka sawa jiwe lililolowa."

"Pole pole," alisema Kahindo. "Sawa jiwe lililolowa. Halafu?"